Kwa Nini Usijiunge Nasi?

Swali hili nililiuliza mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya watu kumi na mmoja, katika chumba tulichokuwa tumekodi mtaa wa Mfaranyaki hapa Songea mwaka 2012. Nililiuliza kwa upole, kama mzee anavyomwuliza mtoto aliyekataa kula. Niliyemwuliza alikuwa kijana niliyemfundisha hesabu kidato cha tatu na cha nne, ambaye sasa alikuwa amerudi kutoka chuoni. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, mkononi ameshika simu ndogo ya batani iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Wenzangu walitikisa vichwa kuafiki. Kijana akakaa. Swali langu halikuhitaji jibu, na nadhani yeye alilitambua hilo mapema kuliko mimi.

Nieleze kisa chenyewe, maana wasomaji wengine hawana mazoea na mambo ya kompyuta.

Programu ya kompyuta huandikwa na mtu, mstari kwa mstari, kama vile mwalimu anavyoandika ubaoni hatua za kukokotoa hesabu. Kampuni nyingi huyaficha maandishi hayo, nawe unauziwa matokeo tu. Lakini wapo waliosema kwamba kuficha namna hiyo ni kumfunga mtumiaji. Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1989 ikatoka leseni iitwayo GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia programu, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa kwa wengine, mradi naye asiwanyime wenziwe ruhusa hiyohiyo. Kwa Kiswahili tunaziita programu huria. Mimi nilizifahamu kwa njia ya santuri moja ya Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotolewa mwaka 2004. Nakumbuka furaha niliyoipata kuona mashine ikinisemesha Kiswahili. Nikasema, haya ndiyo mambo yetu: kitu cha wote, kilichofanywa kwa kujitolea, hakina bwana.

Tukaunda kikundi. Tulikuwa walimu watatu, karani mmoja wa hospitali, na vijana wachache wa Mbinga na Njombe waliojua zaidi yetu. Tukaandika programu ya kutunza hesabu za vyama vya kuweka na kukopa: nani ana akiba kiasi gani, nani anadaiwa, nani amemdhamini nani. Tukaiweka chini ya leseni huria, na katika ukurasa wa kwanza wa maelezo tukaandika kwa herufi kubwa kwamba mtu yeyote yuko huru kuichukua na kuigeuza apendavyo. Sentensi hiyo niliitunga mimi. Miaka minne tuliifanyia kazi usiku, kwa umeme wa majenereta ya dizeli uliokuwa ukikatika, kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa bado haijafika Songea. Ilifika mwaka 2018. Vyama saba viliipokea. Si haba.

Kijana yule alikuja na programu nyingine. Hakuichukua yetu na kuigeuza. Aliandika mpya tangu mstari wa kwanza. Kwake mwanachama aliyeko kijijini hutuma ujumbe mfupi wa simu, naye hujibiwa salio lake papo hapo. Kwetu mwanachama alipaswa kupanda gari hadi mjini, apange foleni, na aombe Mungu umeme uwepo. Alitueleza hayo bila majivuno. Alisema hesabu za mkopo amezipanga kwa namna nyingine kabisa, ndiyo maana isingewezekana kuzibandika juu ya kazi yetu. Ndipo nikamwuliza lile swali.

Tazama jinsi swali hilo lilivyo na sura njema. Linaonekana kama mlango uliofunguliwa. Linazungumzia umoja, na nani katika nchi hii atausema vibaya umoja? Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Anayekataa kujiunga huonekana mara moja kuwa ana kiburi, au anatafuta jina. Baada ya kikao mmoja wetu alisema, "Vijana wa siku hizi kila mmoja anataka kuwa mwenyekiti." Tukacheka wote. Kwa kweli kijana hakuwa ametaja uenyekiti hata mara moja; mwenyekiti nilikuwa mimi.

Hoja tuliyokuwa nayo ilikuwa hii: nguvu zinapotea. Watu wenye ujuzi hapa kwetu ni wachache, na wakigawanyika mara mbili hakuna kazi itakayokamilika. Nimeipima hoja hii kwa miaka mingi, nami nasema ina kasoro moja kubwa. Inachukulia kwamba nguvu za yule kijana zilikuwa zetu. Hatukuwa tumemlipa hata senti tano. Usiku wake ulikuwa wake. Ukimwambia mtu anayejitolea kwamba anapoteza nguvu kwa kutofanya unachotaka wewe, umekwisha kumfanya mtumishi wako bila kumwajiri. Na tena, ni nani aliyesema kwamba angalikuja kwetu nguvu zake zingekuja naye? Mtu huchangamka kwa kile alichokiona yeye. Nina hakika angejiunga nasi angepewa kazi ya kurekebisha makosa ya tahajia katika ripoti zetu, na baada ya miezi miwili angetoroka.

Mfano unaojulikana na watu wa fani hii ni ule wa Linux. Mwaka 1990 watu wa GNU walianza kuandika kiini cha mfumo wao wa kompyuta, wakakiita Hurd. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, akaanza kuandika cha kwake. Lau angejitokeza mtu wa kumwambia, kijana, wakubwa wako kazini, kwa nini usijiunge nao, hoja ingekuwa na mashiko yote: watu wachache, kazi kubwa, lengo moja. Hurd mpaka leo haijapata watumiaji wa kutajwa. Linux ndiyo iliyo ndani ya simu za Android mifukoni mwa watu wanaopita hapa nje ya dirisha langu.

Lakini nisikimbilie ushindi wa Linux, maana si kila chipukizi huwa mti, na haki ya kujaribu haitokani na kushinda. Kilichonigusa zaidi katika habari ile ni Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, mwandishi wa Minix, mfumo ambao Torvalds alijifunzia. Mwezi Januari 1992 profesa aliandika hadharani kwamba Linux imejengwa kwa mtindo uliopitwa na wakati. Wakabishana kwa maneno makali, mwanafunzi na profesa, watu wote wakisoma. Hapo zamani niliona kwamba profesa alikosa adabu kwa kijana. Siku hizi naona alimheshimu. Alimwambia kosa lake usoni, na kijana akapata nafasi ya kujibu. Mimi sikumpa kijana wangu nafasi hiyo. Sikumwambia kwamba programu yake ina ubaya gani, kwa sababu sikuwa nimeisoma.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Siku tatu baada ya kikao alikuja nyumbani kwangu Bombambili, jioni, akanipigia hodi. "Shikamoo mwalimu." Alitaka kuhamisha kumbukumbu za chama kimoja kilichokuwa tayari kuijaribu programu yake. Kumbukumbu zilikuwa mali ya chama, nasi hatukuwa na haki ya kuzizuia. Nakala alikwisha kuipata. Lakini ndani yake mlikuwa na mambo yasiyoeleweka. Mkopo ulioanza na tarakimu 7 ulikuwa wa dharura. Tarehe ya 1 Januari 1980 ilimaanisha kwamba hatujui mwanachama alijiunga lini. Jina lililotanguliwa na nyota lilikuwa la marehemu ambaye hesabu zake hazijafungwa. Hayo hayakuandikwa ndani ya programu. Yaliandikwa kwa mkono wangu katika daftari moja la kaunta lenye jalada gumu.

Nilimwambia daftari limeazimwa, arudi wiki ijayo. Daftari lilikuwa rafuni, chini ya kamusi, hatua nne kutoka pale alipoketi akinywa chai yangu.

Alirudi mara mbili. Mara ya mwisho nilimwambia bado, naye akanitazama kidogo, akasema, "Sawa mwalimu, usijisumbue." Chama kile kiliogopa kuhamia kwenye programu inayoonyesha marehemu kuwa wanachama hai, kikaacha. Na hiyo ndiyo ikawa habari ya mwisho ya kazi yake.

Leseni yetu haikuvunjwa hata herufi moja. Hilo ndilo lililonifundisha kwamba kitu kinaweza kuwa huria katika karatasi na kufungwa katika daftari. Sheria ilimpa ruhusa yote, na mimi nikamnyima kitu kidogo ambacho bila hicho ruhusa haifai. Walinzi wa mradi hawahitaji kufuli. Wana ukimya, wana "njoo kesho", wana kucheka pamoja baada ya kikao.

Katika siku hizo nilikuwa nikienda mara kwa mara kumtazama mzee mmoja wa ukoo wetu, mgonjwa, ambaye katika ujana wake alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi hapa mjini. Mashine ile ilikuwa mali ya Ruvuma Development Association, na wazee wa huku hukitaja chama hicho kwa kifupi tu, RDA. Vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianza kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walilima pamoja na kugawana pamoja, wakaanzisha shule yao, na vijiji vingine vikafuata hadi vikafika 17 hivi. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi nao pamoja na familia yake kama mshauri. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono kwa miaka kadhaa, na alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967 mfano wa Litowa ulikuwa mbele ya macho yake. Kila uamuzi ulifanywa na wanakijiji wenyewe kikaoni, na mtu aliyechoka aliweza kuondoka.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zake zikachukuliwa, Ibbott na familia yake wakaondoka nchini. Ibbott aliieleza habari hiyo baadaye katika kitabu kilichotoka mwaka 2014, na wengine wameiandika pia. Kiini chake ni kwamba viongozi walio wengi hawakustahimili ujamaa uliokuwa ukijiendesha kando ya uongozi wa chama tawala. Kazi ya vijiji vya ujamaa sasa ingekuwa ya TANU yenyewe.

Mzee yule, akiwa kitandani, alinieleza kwamba kilichowauma zaidi kilikuwa maneno. Kumpokonya mtu mashine kunaeleweka, alisema, wenye nguvu huchukua. Lakini waliambiwa kwamba hakuna haja ya wao kuwa pembeni, kwa kuwa sasa nchi nzima inafanya ujamaa. Waje tu, wajiunge na wenzao. "Tulikuwa tunafanya kitu kilekile," alisema, "sasa tujiunge na nini?"

Niliposikia hayo niliinamisha kichwa, nikajifanya natafuta dawa yake mezani.

Najua msomaji atasema nakuza mambo. Kuvunja chama cha vijiji 17 na kuficha daftari si mizani moja. Ni kweli. TANU ilikuwa na dola, mimi nilikuwa na rafu ya vitabu. Hakuna aliyefukuzwa kwake kwa ajili yangu. Lakini nikijiuliza kama ningetumia nguvu zaidi lau ningekuwa nazo, sina jibu la kujivunia. Nilitumia zote nilizokuwa nazo.

Tena liko jambo la ajabu hapa, kwamba ukali huwa mkubwa zaidi dhidi ya yule anayefanana nasi. Vyama vingine vya kuweka na kukopa vilikuwa vikitumia programu za kununua, zilizofichwa maandishi yake, na kikundi chetu hakikuwahi kukaa kikao hata kimoja kwa hasira juu yao. Mwenye duka aliye mbali hatuonei wivu. Tunamwonea wivu aliyekaa kwenye mkeka wetu, akala chakula chetu, akatumia maneno yetu kama "huria" na "kujitolea", kisha akaenda kulima upande wa pili wa kijito. Kuwapo kwake ni kama hukumu. Kama njia yake ni nzuri, miaka yangu minne ya usiku ilikuwa nini?

Na sisi Wangoni tungepaswa kuwa wa mwisho kuogopa kugawanyika. Zwangendaba alipofariki katika nchi ya Wafipa katikati ya karne ya 19, wafuasi wake hawakubaki mahali pamoja. Wengine walielekea nchi inayoitwa leo Zambia, wengine Malawi, wengine wakaja huku. Hata hapa Songea hatukuwa na dola moja bali mbili, Njelu na Mshope. Sisi ni watu wa njia panda. Lakini ukifika katika vikao vyetu utadhani tulishuka kutoka mbinguni tukiwa kamati moja yenye mhuri mmoja.

Hata hivyo sitaki kuitupa kabisa hoja ya wenzangu. Katika vyama vile saba walikuwamo makarani waliochukua mwaka mzima kujifunza programu yetu. Mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akiandika hatua zote kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Kwake programu mpya haikuwa uhuru. Ilikuwa karatasi nyingine ukutani, na hofu ya kuonekana mjinga mbele ya wanachama. Mwenye kuanzisha kitu kipya mara nyingi hamwoni mama huyu. Wala si uongo kwamba miradi mingi mipya hufa, na wanaobaki na mzoga ni watumiaji. Lau ningemwambia kijana, nenda ukakae na mama huyu siku mbili, kisha uniambie atahamaje, ningekuwa nimempinga kwa haki, na huenda kazi yake ingekuwa bora. Kupinga kwa namna hiyo ni msaada. Ila kunamtaka anayepinga asome kwanza, aulize, naye akubali kwamba anaweza kushawishika. Mimi nilitaka tu asiwepo.

Yapo pia makundi yaliyotengana na kukutana tena. Mwaka 1997 baadhi ya watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye GCC, programu ya GNU inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine, walichoka na mwendo wa polepole, wakajitenga na kuiita yao EGCS. Mwaka 1999 wenye mradi wa zamani wakakubali kwamba ile iliyojitenga ndiyo iendelee kwa jina la GCC. Nimejaribu kuwaza kikao cha watu wale cha kusema: wale tuliowaona wakaidi, sasa tuwape jina letu. Katika Mfaranyaki tusingekifanya. Kwanza tungegombania mhuri.

Jambo moja linanichekesha, ingawa ni kicheko kichungu. Mwaka 2010, wengi wa waliokuwa wakijitolea katika OpenOffice walipojitenga na kuanzisha LibreOffice, nilikasirika sana. Nikawaambia wenzangu kwamba Wazungu nao wameanza ubinafsi. Leo kumbukumbu za vikao vyetu tunazichapa kwa LibreOffice, na hakuna anayekumbuka kwamba niliwahi kuipinga.

Programu yetu bado ipo. Kati ya vyama saba vimebaki viwili; vingine vimenunua za kampuni, na vingine vimerudi kwenye madaftari. Vijana wa Mbinga na Njombe wana familia sasa, hawana tena usiku wa kutoa bure. Daftari langu la kaunta nimelinakili lote, kurasa 38, na kuliweka pamoja na maandishi ya programu ili yeyote alipate. Nililifanya hilo mwaka 2019. Miaka saba imechelewa.

Kijana nilikutana naye soko la Majengo miaka miwili baadaye. Ana kibanda cha kutengeneza simu, na mtoto wa kike aliyekuwa akichezea makava ya simu juu ya meza. Alisimama kunipisha kiti. "Shikamoo mwalimu." Nikamwuliza habari za kazi ile ya zamani, kama bado anayo mahali. Akasema ilikuwa kwenye kompyuta ndogo aliyoiuza alipooa. Hakutoa nakala, maana hakuona wa kumpa. Nikamwambia juu ya daftari, kwamba halikuwa limeazimwa. Alikuwa anafungua simu ya mteja kwa bisibisi ndogo, na hakuacha.

"Nilijua, mwalimu," akasema. "Nililiona chini ya kamusi." Kisha akaniuliza kama ile yetu bado inafanya kazi, na kama wale marehemu wenye nyota tulikwisha kuwafungia hesabu zao.

Nikamwambia bado.